Mbwa wa hekaluni wachanjwe, wasiuliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba mbwa wanaozurura dawa yao ni risasi au sumu, na wanaowalisha ni watu wasio na kazi. Mi naishi Bangkok, nafundisha Kiingereza, na Jumapili nyingi nakuwa na kikundi cha watu wanaojitolea kuhudumia mbwa kwenye hekalu moja la Wabudha ng'ambo ya mto Chao Phraya, kwa hiyo naongea ninachokiona kwa macho yangu.

Wengi nyumbani hawajui kwa nini mbwa wanajaa hekaluni. Kwa wale wa Dar mnaolijua lile hekalu la Upanga, huku yapo karibu kila mtaa, nchi nzima ni zaidi ya 40,000, na mengi yana uwanja mkubwa wenye miti na watawa wanaishi humo humo. Alfajiri watawa wanapita mtaani peku na mabakuli, watu wanawapa wali na mboga, na kwa sheria yao ikishapita saa sita mchana hawali tena mpaka kesho, sasa kinachobaki wanapewa wenye shida na mbwa. Afu amri ya kwanza kwa Mbudha ni kutoua kiumbe. Basi mtu akishachoka na mbwa wake, sijui amehama nyumba, sijui mbwa kapata upele, anajua pa kumtupa, anakuja usiku na boksi la vitoto vya mbwa analiacha getini anaondoka roho nyeupe kwamba kawapeleka pazuri. Hapo ndo huwa naumia kwa kweli. Watawa hawana hela ya daktari wa mifugo, wana wali na huruma, na wali hauponyi upele wala hauzuii jike kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo hao mnaowaita wasio na kazi ndo wanabeba mzigo wote. Wengi ni kina mama wa Kithai wa mtaa huo huo, asubuhi wanauza chakula barabarani, jioni wanakuja na masufuria, wanamjua kila mbwa kwa jina na nani hapatani na nani. Kulisha ndo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kukamata, maana mbwa wa mtaani akishaona wavu mara moja hakusogelei tena, inabidi yule mama anayemlisha siku zote ndo amshike, mgeni ukijaribu unaharibu. Akishakamatwa anapelekwa anafungwa kizazi, dume anahasiwa, wanachanjwa kichaa cha mbwa, wanawekewa alama sikioni ili wasikamatwe mara ya pili, kisha wanarudishwa palepale walipotolewa.

Hilo la kuwarudisha linawashangaza watu wengi, hata mi mwanzoni niliuliza. Kumbe mbwa wana mipaka yao. Ukiwaua wote wa hekaluni, chakula bado kipo, mabaki bado yapo, basi wanahamia wengine kutoka vichochoro vya jirani, hawajachanjwa, wanazaa, na wewe umerudi ulikoanzia na sumu mkononi. Lakini aliyechanjwa na asiyezaa akibaki pale analinda eneo lake, wageni hawaingii hovyo. Ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa sehemu moja kichaa cha mbwa kinakosa pa kupita. Soi Dog Foundation, shirika la kuhudumia mbwa wa mitaani hapa Thailand, walianza na njia hii Phuket 2003 na leo wanaifanya mpaka Bangkok. Bhutan, nchi ya Kibudha vilevile, ilianza 2009 na ilipofika 2023 ikatangaza imewafunga uzazi mbwa wake wote wa mitaani, zaidi ya 150,000. Na tusiende mbali, Pemba pale kampeni za kuchanja mbwa ndo zilizokiondoa kichaa cha mbwa kisiwani, na vijiji vya kuzunguka Serengeti vimekuwa vikichanja mbwa miaka mingi tu.

Sisemi mbwa hawang'ati, wanang'ata, na majirani wa hekalu wana haki kabisa ya kulalamika mtoto wao akikimbizwa akienda shule. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila kumi wanne ni watoto chini ya miaka 15. Ndo maana kikundi chetu kila mtu kachanjwa, na mtu aking'atwa anaosha kidonda na sabuni kwa maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu anakimbia hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Kuna ndugu zangu Waislamu pia, wanaosema mbwa ni najisi. Mi mwenyewe ni wa Tanga, shangazi yangu kaniuliza kwenye simu, mwanangu, unashika mbwa? Nikamwambia shangazi, nguo za kule nimezitenga, navaa glovu, nikirudi najitwaharisha ndo naswali. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake akasamehewa dhambi zake, hadithi hiyo si tumefundishwa sote madrasa? Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba kwa kuwa ni najisi basi mpe sumu.

Ombi langu kwa Waswahili wenzangu mlioko Bangkok: wali upo wa kutosha, msijisumbue. Kinachokosekana ni hela ya dawa za kupe na upele, mtu mwenye gari wa kuwapeleka kliniki siku za kazi, na mtu wa kumwangalia mbwa usiku ule wa kwanza baada ya operesheni. Mifupa ya kuku iliyopikwa msilete, inapasuka vipande vyenye ncha vinawachoma tumboni. Na wewe msomaji uliyeandika, Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri yenu ikitangaza chanjo mpeleke mbwa wako, na huyo wa mtaani anayelala nje ya geti lako mfunge kamba uende naye.

Msomaji wenu,
Thonburi, Bangkok