Yah: Malalamiko kuhusu mandhari ya tovuti yetu kufutika baada ya kusasishwa

Karakana ya Samani,
Keko, Dar es Salaam.

Meneja,
Kampuni ya Usanifu wa Tovuti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wetu unasema mtatutengenezea mandhari (mafaili yanayoamua mwonekano wa tovuti) ya WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, iliyobuniwa mahsusi kwa ajili yetu. Kwa sababu ya hilo "mahsusi" tulikubali bei yenu bila kuomba punguzo. Wiki iliyopita tulibonyeza kitufe cha kusasisha mandhari, kilekile ambacho WordPress yenyewe inatuonyesha. Papo hapo rangi zetu za mninga zikageuka buluu, ukurasa wa vitanda ukapoteza safu ya bei, na kitufe cha kutupigia simu kikatoweka.

Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta alifungua faili la style.css, lenye jina la mandhari na maelezo ya mwonekano wake. Mistari ya juu kabisa inataja mandhari ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, na mtengenezaji wake si ninyi. Mliandika mabadiliko yenu moja kwa moja ndani ya mafaili yake, kwa hiyo toleo jipya lilipoingia lilifuta kila kitu mlichokifanya.

Tuelewane. Kujengea juu ya kazi ya mwingine si kosa. Leseni ya GPL, ile ya programu huria inayotumiwa na WordPress, inaruhusu, na hata sisi mbao tunanunua, hatuoteshi miti. Tatizo ni kwamba njia sahihi ipo na fundi yeyote wa WordPress anaijua: kutengeneza mandhari-mtoto, yaani inayorithi mwonekano wa mandhari nyingine (mandhari-mama), kwenye folda yake, style.css yake iwe na mstari wa Template unaotaja mandhari-mama, kisha mabadiliko yote yakae humo. Mama akisasishwa, mafaili ya mtoto hayaguswi.

Mhudumu wenu alitujibu kwa simu: "Basi msisasishe tena." Hilo si jibu. Matoleo mapya ndiyo yanayoziba mianya ya usalama, na kwenye tovuti hiyo wateja wanaacha namba zao za simu.

Kuna na la lugha. Tulikubaliana tovuti iwe ya Kiswahili, lakini hata kabla ya haya kutokea vitufe vya kutafuta na kusoma zaidi mlivyoviongeza vilikuwa vya Kiingereza. Maneno yake mliyaandika makavu ndani ya violezo (mafaili yanayopanga kurasa) bila kuyapitisha kwenye vitendakazi vya tafsiri, yaani amri za WordPress zinazoruhusu maneno kutafsiriwa, hivyo faili la tafsiri haliyafikii.

Tunataka ndani ya siku 14 mtutengenezee mandhari-mtoto, mrudishe humo kazi yote bila malipo ya ziada, mrekebishe maneno hayo, na mtukabidhi mafaili. Hadi hapo awamu ya mwisho ya malipo hatutailipa. Mkikaa kimya, tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Tumeambatanisha nakala ya mkataba na picha za kurasa kabla na baada ya kusasisha.

Wenu,
Msimamizi wa Karakana