Mlango uko wapi? Barua kwa mpwa wangu anayechora magari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ule mchoro uliotuma kwenye kundi la familia umezunguka hapa nyumbani siku tatu, na kioo cha simu yangu sasa kina mafuta ya maandazi kwa sababu kila mtu alitaka kuushika. Gari kama yai. Halina usukani, viti vinatazamana kama tuko sebuleni, taa ya buluu imelizunguka kiunoni. Ni zuri. Nalisema hilo mapema, maana nikianza kulichambua sitanyamaza.

Bibi yako ndiye aliyetuharibia sherehe. Alivaa miwani, akatazama mbele, akatazama nyuma (pako sawa kabisa, natumaini ulikusudia), akauliza: "Mlango uko wapi?" Tukamwonyesha ule mstari mwembamba ubavuni. Akauliza tena: "Sasa nikitaka kushuka, namwambia nani?"

Hakuna aliyemjibu. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na nimeona nikuandikie hapa hadharani ili na wenzako wanaochora walisome.

Unajua nimeendesha daladala miaka kumi na tisa, Gongo la Mboto mpaka Kariakoo. Watu hudhani kazi ya dereva ni kuendesha. Kuendesha hata wewe nilikufundisha kwa wiki mbili. Kazi ni kujua kwamba yule mama anayejisogeza kituo kimoja kabla ana ndoo chini ya kiti, kwamba wanafunzi watatu wa mlangoni wataruka gari halijasimama, kwamba bodaboda anayekuja kushoto anaangalia simu. Konda akigonga bodi mara moja, nasimama. Mara mbili, naondoka. Akigonga mfululizo siulizi, nakanyaga breki tu, maana kuna kiungo cha mtu mahali kisipotakiwa kuwa. Siku moja pale Ukonga ilikuwa kanga. Mlango umeng'ata ncha, dada wa watu yuko chini, mimi nimeshatia gia. Kioo cha pembeni hakikunionyesha kitu. Konda naye kanga hakuiona. Aliuona uso wa yule dada. Mikono yangu ilitetemeka mpaka Vingunguti.

Kwa hiyo ukishamwondoa dereva na konda wake, kaa uandike kazi zote walizokuwa wakifanya, kisha uniambie kila moja umempa nani.

Usidhani nakutisha kwa hadithi za kijiweni. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2023, kule San Francisco, gari lililokuwa likiendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka, likamrusha mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Hilo la pili lilifunga breki, likamgonga, likasimama. Mpaka hapo sina neno kubwa juu yake. Hata mimi pengine nisingeweza kumkwepa. Kisha likafanya kile lilichofundishwa kufanya baada ya kugongana: likajisogeza pembeni mwa barabara. Mwanamke alikuwa bado chini yake. Likamburuta mita sita hivi. Alinusurika, Mungu ni mwema. Mwezi huohuo jimbo la California likasimamisha kibali chao, na Desemba 2024 General Motors, wenye kampuni, wakatangaza kuacha kugharimia teksi hizo. Kamera zilikuwepo, rada zilikuwepo. Wa kugonga bodi hakuwepo.

Lakini sitaki uache. Mwaka 2015, mjini Austin, Texas, bwana mmoja kipofu aitwaye Steve Mahan alipanda peke yake kigari cha Google kisicho na usukani wala pedali, kikampeleka mitaani na kumrudisha. Nilipomsimulia bibi yako alikaa kimya muda mrefu. Macho yake unayajua. Kigari chenyewe walikipa sura ya kitoto, pua ya sponji na kioo chenye kunepa, ili kikimgusa mtu kisimvunje. Aliyeongoza usanifu wake ni mwanamke, YooJung Ahn. Mtafute usome kazi zake. Hakikuzidi kilomita 40 kwa saa, na mwaka 2017 wakakistaafisha, mwendo huo hauwatoshi. Hapa Buguruni saa kumi na mbili jioni, mtu akikuahidi kilomita 40 utambusu mkono.

Umeme sibishani nao. Dizeli niliyoichoma nikiwa nimesimama tu Tazara ingenijengea nyumba. Motor ya umeme ikisimama haili kitu, na ukipunguza mwendo inarudisha chaji kidogo kwenye betri, yaani foleni ileile iliyokuwa ikinimaliza mimi yenyewe inaivumilia. Na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Ila betri umeilaza chini ya sakafu, sawa, gari linatulia barabarani. Je, Jangwani likijaa maji? Hata mabasi ya mwendokasi yamewahi kuogelea pale.

Kinachonisumbua zaidi ni viti vinne. Gari langu lilikuwa na viti ishirini na tano na abiria sitaki kutaja wangapi, trafiki asije akanikumbuka. Ukiwahamishia wale wote kwenye mayai yako, wanne wanne, foleni itaanzia Gongo la Mboto iishie baharini, kimyakimya na bila moshi, lakini foleni. Vijana wa Makerere, Kampala, walitoa gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Viti viwili. Mwaka 2016 walipotokeza tena walikuwa na basi, Kayoola, abiria thelathini na watano, paa limetandazwa paneli za sola. Nadhani kuna mtu aliwauliza swali kama la bibi yako.

Kwa hiyo chora tena. Liache yai, ni lako, lirefushe tu. Weka mlango unaoonekana ni mlango, wenye mshikio wa rangi kali ambao mkono wenye jasho haupotezi. Weka kitu cha kugonga. Sitanii: mahali pa kugonga kwa kiganja, ndani na nje, na gari lisimame bila kuuliza.

Desemba ukija, njoo na futi kamba. Bibi yako amekubali umpime mguu, ili kimo cha kupandia mlangoni kisimshinde: goti la kulia linapanda mpaka usawa wa ndoo ndogo ya rangi, la kushoto halifiki hapo. Tumeshajaribu kwenye kizingiti cha jikoni, na ndoo tumeiweka.

Mjomba wako