Mchanga wa Wahiba si mtupu jamani

Mhariri salaam,

Juzi mliandika kuhusu safari za jangwani huku Oman mkasema kule ni "mchanga mtupu hamna kitu". Mi naishi Ibra mwaka wa nane sasa, kila mwezi napeleka vyakula kwenye kambi za watalii ndani ya mchanga wa Wahiba, basi nikacheka halafu nikachukia kidogo.

Kwanza ule mchanga ni kama kilomita za mraba 12,500, na haukujimwaga ovyo. Upande wa kaskazini kuna vilima vinafika mita 100, vimejipanga mistari mirefu toka kusini kwenda kaskazini, gari zinapita mabondeni. Aliyevipanga ni upepo wa kusi! Kusi hii hii yetu iliyokuwa ikirudisha majahazi Arabuni kutoka Unguja. Nilimwambia bibi kwenye simu akasema kumbe ukishashusha abiria unaenda kubeba mchanga.

Halafu nendeni alfajiri kabla ya jua muone. Nyayo za mbweha, vijinjia vya mende, na ile alama ya nyoka mwenye pembe anayetembea kwa ubavu, vimistari vimelala pembeni pembeni kama ngazi, unaangalia unajiuliza kapita vipi. Saa tatu upepo umeshafuta vyote, mtalii anaamka anasema hamna kitu, si umelala wewe! Mvua inaweza kupita mwaka usiione, ila ukungu wa baharini unaingia usiku unalowesha vichaka na viumbe wanapata chochote. Watafiti wa Kiingereza walikuja miaka ya 1980 wakahesabu mimea tu aina kama 150.

Na kuna mighafu, miti yenye mizizi inayofuata maji chini kabisa, Mabedui wanakaa kivulini mwake na ngamia na mbuzi wao wanakula majani. Sasa mwezi uliopita nimekuta vijana na gari mbili wamekata tawi zima la mghafu wakachomea nyama, makopo wameacha palepale, vichaka wamevikanyaga na matairi. Nikawauliza kulikoni, mmoja akanijibu "kwani hapa kuna nini?" Maneno yenu yaleyale mhariri.

Mkitaka kuandika tena mtumeni mwandishi nitampeleka mwenyewe, nafasi kwenye gari ipo, ila aje na mkaa wake.

Msomaji wenu,
Ibra, Oman