Barua kwa mwanangu: sema na Badi

Mwanangu Athman,

Assalamu alaykum. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Khalati yako alipita jana baada ya alasiri, hata kahawa hakunywa, akaniambia wewe na Badi mwalala chumba kimoja huko Nairobi na hamsemezani. Nikamuuliza, ni pesa? Si pesa. Mwanamke? Wala. Ni upinde. Tena upinde wa kwenye karatasi, wa huo mchezo wenu wa Dungeons & Dragons, wa kujifanya mashujaa kwa dadu!

Sema naye, Athman.

Usidhani nakudharau. Nilimweka Nasra barazani anisomee lile daftari uliloliacha, na sasa nayajua mengi kuliko nilivyotaka. Upinde huu wa mtambo, upote wavutwa ukanaswa, mshale mfupi watiwa, kisha wafyatua. Dhara la mkubwa hurushiwa dadu ya pande 10, la ule mdogo wa mkono dadu ya pande 6, na bei ya mkubwa ni sarafu 50 za dhahabu, ya mdogo 75! Nikadhani Nasra amesoma vibaya. Asiye bingwa wa upinde huu hutoa mshale mmoja kwa zamu, hata akiwa shujaa wa kupiga mara mbili, na adui akimfikia futi 5 hurusha dadu mbili akachukua iliyo ndogo. Bingwa hayo hayamhusu, na kwa ule wa mkono hupata pigo la ziada. Hesabu zako za pembeni nimezipenda: utoe 5 kwenye shabaha uongeze 10 kwenye dhara, na adui wa deraya gani itafaa kwake. Safi kabisa. Laiti ungezitia kwenye ule mtihani wa takwimu uliotuletea aibu.

Lakini ngao, mwanangu. Wataka mkono mmoja ushike upinde, wa pili ngao, sasa mshale wautia kwa mkono gani? Kitabu cha sheria za mchezo cha 2014 chataka mkono mtupu wa kutilia, uwe bingwa usiwe bingwa. Cha 2024 chamruhusu bingwa autie hata mikono ikiwa imejaa. Kwa hiyo hukusema uongo. Ila Badi asimamia mchezo kwa cha 2014, nanyi nyote mliridhia kabla ya kuanza. Tena Nasra anionyesha kuwa hicho cha 2024 kimeifuta ile hesabu yako ya 5 na 10. Wataka mikono ya kitabu hiki na dhara la kitabu kile. Badi amekataa, na mimi ningekataa. Mwenye kusimamia meza ndiye mwenye kauli. Weka ngao chini, upoteze hizo 2 za kinga, upige mishale yako.

Na useme naye. Nairobi ukiugua usiku atakayekushika mkono ni yeye, si mimi niliye Lamu.

Babako asema ubishi huu mmeurithi kwetu. Mimi na mamake Badi tuliwahi kununiana kwa ajili ya sufuria ya pilau. Sufuria yenyewe iko jikoni kwangu mpaka leo, lakini hayo si yako.

Boriti mbili za chumba chako zimeliwa na mchwa. Fundi asema lazima mikoko mipya, na bei aliyoitaja babako amekwenda nayo msikitini hajarudi. Vitabu vyako nimevipandisha juu. Punda naye ana kidonda mgongoni, huyu kijana wa kubeba mchanga hana huruma. Nasra ataka kucheza nanyi mkija likizo. Amejiandikia mtu wake, mwenye rungu. Na usilale na njaa kwa ajili ya kununua dadu.

Umeshasema naye? Usiandike kwenye simu, mko chumba kimoja.

Nimetuma mzigo kwa basi la Ijumaa: papa mkavu, achari ya maembe, na zile kaimati ulizoniomba. Jina nililoandika juu ni la Badi, na namba ya kupokelea ni yake. Ukitaka papa, mwombe.

Mamako