Swahiba, tatizo la miche yako ni usiku

Hamburg, 10 Juni 2025

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako kuhusu miche ya bangi iliyochanua ingali mifupi imenifikia pamoja na picha, na picha nimezikuza nikazitazama jani kwa jani. Nakuomba usiing'oe miche hiyo. Haijaharibika, na sidhani kama aliyekuuzia mbegu ana kosa. Kilichoiyumbisha ni usiku.

Wewe na mimi tumekulia karibu na ikweta. Pale Dar es Salaam tofauti ya mchana wa Desemba na ule wa Juni haifiki hata saa moja, kwa hiyo mtu akiona mmea una kasoro anawaza mvua, mbolea na wadudu. Urefu wa mchana haumjii kichwani. Bangi, kwa upande wake, hupima giza. Giza likiwa fupi, inaongeza majani na matawi. Likikaribia muda wa saa 10, aina nyingi huanza kuchanua. Likifika saa 12, zile za kawaida karibu zote huchanua. Sasa soma tena ulichoniandikia: uliilea miche ndani, chini ya taa inayowaka saa 18 kwa siku, kisha katikati ya Aprili ukaitoa roshani. Wakati ule mchana wa Leipzig ulikuwa haujatimiza saa 14. Miche iliyozoea giza la saa 6 ikakutana ghafla na giza la saa 10. Ikaona majira ya baridi yanakuja, ikaharakisha kuzaa kabla haijakua. Ndiyo maana ina maua na urefu wake ni shubiri moja.

Lakini kabla hujaafiki maneno yangu, tafuta pakiti ya mbegu. Kama imeandikwa otoflawa, habari inabadilika kabisa. Hizo huchanua kwa umri wake, mara nyingi wiki ya tatu hadi ya tano tangu kuota, hata ukiziwashia taa usiku kucha. Ikiwa ndizo, ziache zimalize safari yake, wala usizikate vichwa ukitumaini zitaanza upya. Hazianzi.

Jambo la pili la kuangalia ni pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Ukiona nywele mbili nyeupe tu kwenye fundo, hayo bado si maua ya kukutisha. Mmea umebalehe na unakuonyesha kuwa ni jike. Ukiona vijipira vidogo visivyo na nywele, huyo ni dume, mtoe mapema kabla hajamwaga chavua kwa wenzake. Ila katika picha yako ya tatu naona vishada vya nywele kileleni, na hapo siwezi kukuambia ni dalili za balehe tu.

Basi tuseme ni mbegu za kawaida. Sasa tuko Juni, mchana wa hapo kwenu umepita saa 16, na mmea wenyewe utageuka urudi kwenye majani. Uvumilie wiki kadhaa. Utasimama kama umeduwaa, halafu utatoa majani ya ajabu: yenye kidole kimoja badala ya vitano au saba, mengine ya mviringo, mengine yamejikunja. Watu wengi wakiyaona hayo hudhani ni ugonjwa, wakaanza kumwaga dawa. Usimwage chochote. Vidole vitarudi kimoja kimoja, na matawi yatakuwa mengi kuliko ulivyotarajia.

Ile mbolea ya maua uliyoanza kuitia, isimamishe leo. Ina naitrojeni kidogo, na mmea unaorudi kwenye majani unaihitaji naitrojeni. Hata hivyo sina hakika kwamba majani yako ya chini yana manjano kwa sababu ya njaa. Naona kisahani chini ya chungu kina maji. Mwage maji hayo, kisha inua chungu ukiwa umekiacha kikauke, ukariri uzito wake. Mwagilia pale tu kinapokuwa chepesi, na udongo wa juu umekauka kina cha kidole. Mizizi iliyolowa muda wote haivuti chakula, hata kama kimejaa tele udongoni, na vijinzi vyeusi unavyolalamikia vinazaliana kwenye unyevu huohuo. Majani yakiendelea kupata manjano kuanzia chini baada ya hapo, ndipo utie mbolea ya majani, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ncha zikiungua na kuwa kahawia, umezidisha.

Halafu vyungu vyenyewe ni vidogo mno. Mizizi ikianza kuzunguka ukutani mmea hudhoofika, na huo ni mzigo mwingine juu ya ule wa usiku. Hamishia kwenye vyungu vya lita 15 au 20.

Geuza majani utazame upande wa chini. Vidoadoa vyeupe pamoja na utando mwembamba ni utitiri mwekundu. Uoshe kwa maji ya nguvu, kisha nyunyiza mafuta ya mwarobaini jioni jua likishatua. Yanauzwa huku kwenye maduka ya bustani. Maua yakishaanza, usiyanyunyizie kabisa.

Mwezi Agosti giza litarefuka lenyewe, na safari hiyo maua yatakuja wakati wake. Nina wasiwasi na ile taa ya barabarani inayomulika roshani yako. Mwanga unaokatiza usiku unaweza kuuvuruga mmea katikati ya kuchanua, kwa hiyo sogeza vyungu kwenye kona yenye kiza. Septemba mvua zikianza, pasua vishada vinene kwa vidole. Ukikuta kijivu ndani ni ukungu wa kuoza. Kata utupe kishada kizima, usijaribu kuokoa nusu yake kwa kuvuta.

Sheria ya Ujerumani ya Aprili 2024 inamruhusu mtu mzima mimea mitatu, na inataka watoto wasiweze kuifikia. Wewe una mtoto anayetambaa. Weka kufuli kwenye mlango wa roshani wiki hii hii, hilo lisisubiri. Na Desemba ukienda nyumbani, kagua mabegi mpaka mifuko ya pembeni. Kule bangi bado ni jinai, na hawatakuuliza umetoka nchi gani.

Nitumie picha ya pakiti, na nyingine ya fundo la tatu kutoka juu, uipige mchana bila ile taa ya zambarau maana inaficha rangi ya majani. Nikiziona nitakupigia Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Ni mimi swahiba wako