Walimu wa kipaimara: somo la Jumamosi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi saa 4 asubuhi, baada ya kwaya, tunaanza somo la usafi kabla ya ndoa. Tutasoma 1 Wakorintho 6:12–20. Waelezeni vijana kwamba Korintho ulikuwa mji wa biashara na bandari, vishawishi nje nje. Paulo hakuwaandikia watawa.

Tafadhali tusiwatishe kwa mimba na UKIMWI tu. Hayo wameshayasikia shuleni, na ukiwatisha wanacheka nyuma ya daftari. Maswali waandike kwenye vikaratasi bila jina, watumbukize kwenye kapu la sadaka (Mchungaji ameruhusu 😀).

Wavulana wakae humo humo ndani. Tumezoea kuwasema mabinti kuhusu sketi, wenzao wako nje wanapiga danadana!

Aliyeteleza asinyooshewe kidole. Binti aliyejifungua ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inamruhusu kurudi shule. Na mtoto akidokeza kwamba alilazimishwa, hiyo si dhambi yake wala si siri ya kanisa: pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nendeni dawati la jinsia polisi siku hiyo hiyo.

Mwenye kalamu za ziada aje nazo.