Mwanangu, usiache vidonge

Mwanangu mpenzi,

Uliponiambia kwenye simu kwamba tangu Pasaka hujaanguka hata mara moja, nilimshukuru Mungu kwa sauti hapa Likasi. Lakini ulipoongeza kwamba sasa unaona kabamazepini, dawa yako ya kifafa, unaimeza bure, usingizi ulinipotea.

Mwanangu, kinachofanya usianguke ni huko kumeza. Dawa ya malaria unaimeza siku 3, yameisha. Hii inazuia leo, na kesho inabidi izuie tena. Ukiikata ghafla, unaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hapo watu hufa. Madaktari huanza kufikiria kuipunguza baada ya miaka 2 hivi bila kuanguka, tena polepole, wao wenyewe wakifuatilia. Siku hiyo ikifika tutakwenda wote wawili.

Wakikuambia huko kwamba sala inatosha, sali. Mimi nakuombea kila siku. Kisha meza.

Najua huko chuoni Kasapa hakuna wa kukukumbusha. Kidonge cha asubuhi kiende na chai, cha jioni kiende na bukari. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, ila kama saa ya kingine imekaribia, ngoja hicho. Usimeze viwili kwa mpigo. Na nenda farmasi ungali na vya juma zima, maana kuna siku utaambiwa vimekwisha.

Kinachonitisha zaidi ni mitihani. Kukesha kunaamsha kifafa, tumeliona. Ule mwaka wa mtihani wa Serikali ulisoma na mshumaa mpaka alfajiri, asubuhi ukaangukia mbabula yenye makaa ya moto, na kovu la mkononi unalo hadi leo. Majirani walikuja mbio na kijiko wakitaka kukutia mdomoni! Kwa hiyo mwambie mwenzako wa chumbani, usimfiche. Ukianguka, asikushike kwa nguvu wala asikutie kitu mdomoni. Aondoe vitu vigumu karibu yako, akulaze ubavu, atazame saa. Zikipita dakika 5, akupeleke hospitali. Mate yako hayamwambukizi, mwambie na hilo pia. Wewe chukua kitanda cha chini, na ukioga usifunge mlango kwa ufunguo.

Kama vidonge vinakulewesha darasani, usivipunguze mwenyewe. Mweleze daktari, dozi inaweza kupangwa upya.

Ijumaa nitakutumia pesa ya dawa. Nunua kwanza dawa, ndipo ufanye fotokopi za masomo, kisha unipigie.

Mama yako